Ukumbi wa Mbwana na Chupa Zilizotangulia Kucheza

Mbwana Shaibu wa Miyuji hajawahi kujenga kitu kidogo. Duka lake la vipuri lina bango kubwa kuliko duka lenyewe, na juu ya duka alipandisha ukumbi wa sherehe, akatangaza kwamba Dodoma nzima hauna mfano. Kweli hauna. Ukumbi gani mwingine chupa za soda zinaanza kucheza kabla ya wageni?

Chupa hizo ndizo zilizomponza. Bi Jaha, mama wa kijana anayemwoa Khairat, binti wa pekee wa Mbwana, alikuja kukagua mahali pa harusi. Akakaa, akaziona chupa zikigongana mezani kila wahudumu wakipita, akainuka. Hakugombana. Alisema tu kwamba ukoo wake hautapanda ngazi zile mpaka mtaalamu aikubali sakafu, la sivyo sherehe ihamie kwao. Kwao! Mbwana kashaalika nusu ya mji, halafu amwoze binti kwenye ukumbi wa watu, wake ukitazama?

Akatafuta mtaalamu. Akaletewa Dokta Ernest Mazengo, mtoto wa wakulima wa Haneti, mwalimu wa chuo. Kazi yake hasa ni kuvizia chembe ndogo zisizoonekana zinapovunjika. Si zile zinazovunjika kama wenzao, la. Anaitaka ile moja itakayovunjika kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Kaisubiri miaka. Miyuji watu wanasubiri maji ya bomba vivyo hivyo na hawapewi udaktari. Mambo ya sakafu alijifunza kwa hasira: kila aliyepita karibu na vyombo vyake kwa viatu vizito alimvurugia vipimo, ndipo akaanza kuchunguza jinsi hatua za watu zinavyotikisa majengo.

Dokta aliomba watu watembee kawaida yao. Mbwana, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe hajawahi kupungukiwa akili, akawakusanya wahudumu na majirani chini dukani, akawaagiza wavue viatu na kukanyaga kama mtu aliyechelewa swala anayepenya safu ya nyuma. Wakapanda, wakapita. Chombo cha Dokta cha kupimia mtikisiko, kilichowekwa katikati ya sakafu ya ukumbi, kikanyamaza. Mbwana akaanza kupokea pongezi ambazo hakuna aliyezitoa.

"Basi andika, Dokta. Umeona mwenyewe hakuna kitu."

"Sijaona kitu," Dokta akajibu kwa upole. "Hiyo si sawa na kusema hakipo. Warudie."

Maskini Mbwana. Kamletea ujanja wa asubuhi moja mtu aliyezoea kutoona kitu miaka na miaka. Wakarudia, wakarudia tena. Jua likapanda, majirani wakakumbuka kuwa na wao wana makwao. Dokta ametulia tu, kama anachunga ng'ombe.

Ndipo Khairat akapanda na sinia la chai, akamkuta baba yake naye ananyata kwenye ukumbi wake mwenyewe. Akaliweka sinia mezani ili acheke vizuri.

"Baba, ndivyo utakavyoniingiza Jumamosi? Kama mwizi wa kuku?"

Vipuri vyake ungevitukana, angevumilia. Mwendo wake, hapana. Akavaa viatu, akamshika binti mkono, akamwonyesha jinsi baba wa bibi harusi anavyotembea: kifua mbele, hatua nzito, taratibu. Wahudumu wakasahau walichoagizwa, wakajipanga nyuma wakipiga makofi, wote kwa hatua moja. Vikombe vikaanza kunong'ona, vikagongana, kimoja kikajitupa chini. Kwenye chombo mistari ikapanda kama milima, na Dokta akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

Akamweleza Mbwana kwamba ukumbi hauanguki. Ni kama bembea: ukiisukuma kwa wakati wake, inazidi kupaa. Aite mhandisi, asimamishe nguzo za chuma chini yake, katikati ya duka.

Katikati ya duka! Pale pale alipopanga taa za magari zing'ae. Mbwana alinuna mchana kutwa, kisha akamtazama Khairat akiokota vipande vya kikombe, akaagiza nguzo.

Ijumaa, nguzo zimeshasimama, Bi Jaha akapanda, akasimamisha chupa ya soda mezani, akakaa mbele yake.

"Baba Khairat, hebu tembea."

Akatembea, wahudumu nyuma yake, viatu miguuni na makofi juu. Chupa haikutikisika. Bi Jaha akaifungua, akanywa.

Siku hizi Mbwana anawaambia wateja kwamba ukumbi wake umefanyiwa utafiti wa kisayansi, jambo ambalo ni kweli, na kwamba yeye ndiye aliyeongoza utafiti huo. Wateja wanamsikiliza huku wakizunguka nguzo. Dokta amerudi kwa chembe yake, ambayo bado haijaona sababu ya kuvunjika.