Tope Ndani ya Rimu

Juzi kwenye gereji moja ya Masasi, mama mwenye lori alilalamika kwamba usukani unatetemeka tangu dereva wake arudi kutoka Newala.

"Nimepita lami tupu, mama," dereva aliapa.

Fundi akafungua gurudumu la mbele, akakwangua ndani ya rimu. Likadondoka tope gumu lenye majani ya mkorosho.

"Hili ndilo linalotikisa."

Sote tuliokuwa tukisubiri magari yetu pale gerejini tulimkazia macho dereva. Kabeba korosho za nani kwa siri?

Akajifuta jasho. "Nilimfuata mjamzito shambani, Kitangari. Uchungu ulishamshika. Nilimfikisha hospitali, ila ulinikataza abiria."

"Kajifungua?" mama akauliza.

"Mapacha."

Mama akamwambia fundi aoshe magurudumu yote. Sisi mahakimu tusiotumwa tukainamia viatu vyetu.