Bukari Nyuma ya Ukuta

Apa kwanza kwamba hutamwambia mtu. Umeapa? Vizuri, minyi nimeshawaambia saba.

Juzi wamama wa kanisa tulikuwa tunafunga. Kiongozi wetu wa maombi, ambaye chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta mmoja tu, alituonya: "Atakayekula leo, ninamutoa mu kikundi!"

Saa sita mchana nikasikia mwiko wake ukisonga bukari. Nikakimbia kuwaita wenzangu.

"Sauti ilinifuata yenyewe," nikawaambia. "Minyi sisikilizi mambo ya bantu wengine."

Tukasukuma mlango wake. Tukamkuta tonge mkononi, samaki aliyetoka Kinkondja mbele yake.

"Weye mama, si tunafunga?" tukamuuliza.

Akameza kwanza. "Ni kweli, nakula. Lakini muangalie sikio ya huyu!"

Wote wakageuka. Sikio langu lilikuwa jeupe, limejaa chokaa ya ukuta.