Siku Niliyolifukiza Gari la Bibi

Kabla ya yote mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa maneno nitakayoyakosea, maana mimi skuli niliishia darasa la saba kule Pemba, na kuandika kwangu ni pole pole, naandika nafuta. Lakini kusimulia kwa mdomo ndiyo siwezi kabisa, kwa sababu nikizungumza mbele ya watu uso unaniwaka na maneno yananikimbia, na aibu yote nitakayowaeleza hapa imetokana na hilo hilo. Mpaka leo msikitini natoka wa mwisho, ili nisikutane na watu mlangoni.

Naishi Al Khoudh, hapa Maskati, nyumbani kwa Bibi Zuwena, ambaye ni dada yake bibi yangu mzaa mama. Aliniita nije kumsaidia kazi za nyumbani baada ya mumewe kufariki. Mumewe huyo, sote tukimwita Babu, aliacha gari moja jeupe la zamani ambalo tangu siku ile halijaendeshwa na mtu. Kila asubuhi Bibi alikuwa akifungua mlango, anakaa kiti cha pembeni ya dereva, anajifungia, anakaa kidogo, anatoka. Mimi nilidhani anasoma dua. Siku moja akaniambia mwenyewe, "Humu bado nnaisikia harufu yake."

Sasa mwanawe Bibi, Mjomba Khalfan, alitaka gari liuzwe, kwa sababu kivuli cha uani kinatosha gari moja tu na hapo linakaa lake jipya, kwa hiyo la Babu hulala nje kando ya ukuta, jua lote lake, vumbi lote lake, na paka wote wa mtaa ni wake. Baridi ilipokaribia Bibi akawa anakwenda Unguja (wenziwe wanaisubiri baridi ya Maskati mwaka mzima, yeye anaikimbia, anasema inamuingia magotini), na wakabishana mbele yangu mimi nikifunga mizigo.

"Mama, kuna mvua, kuna umande, gari litaoza pale nje. Niachie niliuze."

"Limekulia nini gari la baba yako?" Bibi akamwambia. "Huyu kijana atalitunza. Nikirudi nikilikuta zima, usinitajie tena habari ya kuuza. Nikilikuta limeharibika, uza, sitosema neno." Kisha akanigeukia. "Eti mwanangu, utaliweza?"

Nikaitikia kwa kichwa. (Mambo makubwa yote mimi huyaitikia kwa kichwa.)

Mjomba akaniletea turubali la kufunikia gari, akanipa na kamba zake. "Funika vizuri, tusije tukalaumiana," akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hatolia sana tukilaumiana.

Nikaliosha lile gari kwa moyo wote, nje na ndani, na ndani nilitia mpira wa maji kabisa kwa sababu ya mchanga uliojaa chini ya viti. Nilichotakiwa kufanya baada ya hapo ni kuiacha milango wazi juani, gari likauke, basi. Ndivyo nilivyokusudia. Lakini basi la chuo kikuu likasimama kwenye kona, wakaanza kuteremka wasichana wa mtaani kwetu na vitabu vyao, na mimi nimerowa chapa chapa, kaptula imepandishwa, fulana imenigandia mwilini, nikafanya kama mtu anayefukuzwa: nikabamiza milango, nikatupa turubali juu, nikakaza kamba, nikakimbilia ndani. Nikajiambia kesho nitalifungua likauke. Kesho yake nikalitazama, nikaona limefungwa vizuri kama zawadi, nikaliacha.

Na baridi yote nikawa nalilinda lile turubali. Kila asubuhi nafuta umande, nafukuza paka, mvua ikinyesha nakaza kamba, nasimama mbali natazama kazi yangu. Gari lenyewe sikulifungua hata siku moja. Roho yangu ilikuwa nyeupe kabisa.

Siku ya Bibi kurudi ilikuwa Ijumaa. Mjomba aliondoka mapema kwenda uwanja wa ndege, akasema ataisali Ijumaa huko huko. Nikafunua turubali, nikafungua mlango, na harufu iliyotoka kunipokea ilikuwa ya nguo mbichi iliyosahauliwa ndooni. Usukani umeota ndevu nyeupe za ukungu, viti vina madoa meusi, na zulia la chini ukilikanyaga linatoa maji, ndiyo yale yale maji yangu. Nikachukua siki na matambara nikasugua mpaka mikono ikaniuma. Ukungu ukatoka. Harufu haikutoka.

Hapo ndipo nilipopata akili, na laiti nisingeipata. Bibi nguo zake huzitandaza juu ya tenga, chini anaweka chetezo cha udi, juu anafunika shuka ili moshi usitoroke, na hata nguo iwe imelala sandukuni namna gani, ikitoka hapo inanukia. Nikaona gari na tenga ni kitu kimoja, na turubali ndiyo shuka. Tena Babu mwenyewe alikuwa akijifukiza udi kila Ijumaa, kwa hiyo nikaona nitamrudishia Bibi harufu yake vile vile ilivyokuwa. Nikawasha makaa, nikatia udi kwenye chetezo cha Bibi, nikaona ukungu ni mwingi, nikaongeza ubani, nikaongeza tena, nikakiweka chini ya kiti cha nyuma juu ya sinia la mchanga (moto nao niliufikiria, msinione mjinga kupita kiasi), nikafunga milango, nikaacha kioo kimoja wazi kidogo, nikafunika turubali juu, nikaenda zangu msikitini, hapo hapo karibu na nyumba yetu. Nilikaa safu ya pili siku hiyo, mimi ninayekaa nyuma siku zote.

Tulipotoka, watu wa mbele wakasimama ghafla. Moshi ulikuwa unatoka chini ya turubali pande zote, mweupe, mzito, unapanda juu ya ukuta. Mtu akapiga kelele kwa Kiarabu kwamba kuna gari linaungua, na msikiti mzima ukaanza kukimbia, wazee kwa vijana, wamepandisha kanzu zao nyeupe mpaka magotini.

Neno moja tu lilikuwa linatosha. Udi. Kwa Kiarabu ni hilo hilo, wala halihitaji skuli. Nililiweka mdomoni, na likakaa pale pale.

Jirani yetu mmoja, mwanajeshi mstaafu, mtu mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, akalivuta turubali na kulichana. "Khalfan yuko wapi? Ufunguo uko wapi?"

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Hata milango yenyewe haikuwa imetiwa ufunguo. Mimi nikatazama chini. Akaokota tofali, akavunja kioo cha mbele cha pembeni, na moshi ukatoka wote kwa pamoja ukatuzunguka, na nakumbuka mzee mmoja akanusa, akasema taratibu, "Mbona moto huu unanukia?" lakini hakuna aliyemsikiliza. Watu wakajipanga kutoka kwenye bomba letu mpaka kwenye gari, ndoo zikawa zinapita mkono kwa mkono. Mtu akanipa ndoo. Nami (hapa ndipo kalamu inapokuwa nzito) nikaipokea, nikasogea, nikalimwagia maji gari la Babu. Nikarudi nikapewa nyingine. Nikamwaga tena.

Tukiwa hivyo gari la Mjomba likatokea, na Bibi akateremka kwa mkongojo wake, bado ana vumbi la safari. Watu wakampisha. Jirani aliingiza mkono ndani akaibuka na kitu kinachochuruzika maji meusi, akakiinua juu wote wakione.

"Chetezo changu hicho," Bibi akasema. "Nani kakitia humo?"

Mdomo wangu, baada ya kila kitu kwisha, ukafunguka wenyewe. "Mimi, Bibi."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia, halafu wakacheka wote, na jirani akaliangalia tofali lake kama hajui lilifikaje mkononi. Mjomba hakucheka. Alisema tu, "Basi, Mama. Tulikubaliana."

Bibi akafungua mlango, akakaa kwenye kile kiti kilichorowa, vipande vya kioo miguuni, akavuta pumzi. Akakaa kidogo. "Imekwenda," akasema, kwa sauti ndogo, wala hakuwa akinilaumu, na heri angenipiga ule mkongojo.

Mjomba akamleta mnunuzi kutoka Hamriya. Yule mnunuzi akafungua mlango, akaufunga hapo hapo, akauliza kama kuna mtu aliyefia ndani na akasomewa hitma humo humo. Wa pili hakumaliza hata kulizunguka. Mjomba akachoka, na gari likabaki pale pale ukutani, si kwa sababu nimelitunza, ila kwa sababu linanuka. Siku hizi kila kukipambazuka naifungua milango yote juani, na wasichana wa basi wakipita wanauliza, "Leo hatuchomi?" nami nasimama pale pale nauvumilia uso wangu.

Asubuhi moja Bibi aliniita. Alikuwa ameuvuta mkanda wa kiti cha dereva mpaka mwisho, ule upande unaojikunja ndani ambao maji hayakuufikia. "Njoo unuse. Hapa bado yupo."

Nikainama nikanusa. Nilikuwa nimeapa, tangu ile Ijumaa, kwamba nikiwa na neno nitalisema, hata uso uniwake vipi. Mimi nilisikia vumbi tu.

Nikaitikia kwa kichwa.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma, gari lenu likilala nje baridi hii, likausheni kabla ya kulifunika, na anayejua dawa ya kutoa ukungu kwenye zulia aniandikie. Hata asiye na dawa aniandikie, anieleze kama naye alishawahi kupewa ndoo akaipokea. Nitamjibu, ila asinihimize, naandika pole pole.