Viganja vya Dada Yusta

Jamani, sitawadanganya: nilitoka Buzebazeba kwenda Ilagala kumwambia dada yangu kwamba hatambeba mwanangu. Jumapili Baraka alikuwa abarikiwe kanisani, na mama yake kashikilia abebwe na dada Yusta. Nikagoma. Sisi kanisani kwetu tunaomba mpaka mabati yanaomba likizo. Dada akija anafumba macho, basi. Hata amina haimtoki! Nikaona imani yake imepoa kama ugali wa jana.

Ijumaa, Ujiji, nikapanda boti la mbao. Mawimbi ya ziwa siku hiyo yalikuwa marefu kuliko minara ya simu. Nikayakemea mpaka nahodha akasema, "Mzee, punguza, siisikii injini."

Jioni, Ilagala. Dada kanipikia samaki, migebuka. Nikala minne na neno langu likakwama hapohapo na miba.

Jumamosi, jua linachomoza, nikamkuta mchangani anaanika dagaa. Anachota kiganja, ananyamaza, anakiachia taratibu. Anachota kingine. Kwa mwendo ule dagaa wangekauka mjukuu wa Baraka ana mvi! Nikabeba ndoo nzima, nikaimba, nikamwaga.

"We! Umewarundika watu!"

"Watu gani, dada? Si dagaa hawa?"

Akacheka. "Kila kiganja namwombea mtu mmoja moyoni. Simwachii mpaka nimemaliza naye. Wewe umemwaga ukoo mzima kwa mpigo."

"Na mimi nimo?"

"Una viganja viwili. Kwa makelele yako kimoja hakitoshi."

"Na Baraka?"

Hapo kicheko kikakatika. "Yeye wa kwanza kila siku, tangu alipolazwa na ile homa." Akafuta mikono kwenye kanga. "Najua ulichofuata, mama Baraka kanipigia. Lakini mdogo wangu, nikiomba kwa kelele najisikia mwenyewe tu."

Nikapiga magoti tukautawanya ule mrundo. Nikajaribu kunyamaza. Kiganja cha tatu wimbo ukanitoka wenyewe.

"Imba tu," akasema, "ila waachie mmoja mmoja."

Mchana nikamwambia, "Dada, funga mzigo." Tukarudi wote.

Jumapili, Buzebazeba. Ngoma, kinanda, spika za kuamsha mamba wa Malagarasi. Dada akasimama mbele na Baraka mikononi, bado ananukia dagaa. Mchungaji akampa maiki: "Mwombee mtoto, dada!"

Dada akafumba macho. Kimya. Watu wakaanza kukohoa. Mama mmoja wa kwaya akanong'ona, na mnong'ono wake unafika Kongo, "Huyu mbona haombi?"

Nikainuka. "Anaomba. Subirini amalize."

Kanisa likatulia. Nikasikia feni. Nikasikia Baraka anavyopumua, kaushika ukosi wa shangazi yake. Dada hakuharakisha. Alipofumbua macho, watu wote wakanigeukia mimi, mwenye koo la kanisa, niseme amina.

Nikasema. Ikatoka ndogo, hata mama Baraka kando yangu hakuisikia.