Ute wa Goti la Mama

Mama aliwekewa goti la chuma hapa Kitale, baada ya miaka mingi ya kulima mahindi kwenye shamba letu kule Saboti. Miezi michache baadaye goti lilianza kulia. Akikunja mguu linalia, akinyoosha linalia. Halikuuma, lakini mlio ule ulimnyima raha. Aliniambia hata kanisani alikuwa anachelewa kuinuka makusudi, wengine wainuke kwanza, wasimsikie.

Nikampeleka kliniki. Daktari aliyempasua alikuwa mgeni asiyejua Kiswahili, na Mama hajui Kiingereza, kwa hivyo mimi mwalimu nikawa mkalimani.

"Muulize," Mama akasema, "hicho chuma kinalainishwa na nini? Kila chuma ninachokijua hutiwa mafuta."

Daktari alilipenda swali lile. Alichukua karatasi akachora. Akaeleza kwamba kati ya vyuma viwili kuna plastiki ngumu, na ile ngozi laini iliyo ndani ya goti huota tena baada ya upasuaji na kuanza kutoa ute wake. Si mzito kama wa kuzaliwa nao, lakini unatosha goti liteleze. Hakuna anayeongeza chochote, na mlio ule ni wa kawaida. Kisha akaweka kalamu chini na kusema kwamba sindano za mitaani zisiguse goti lile kabisa, kwa maana viini vya ugonjwa vikishashika chuma ni vigumu kuving'oa.

Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa ya saa mbili shuleni, na zilikuwa zimekwisha. Nilimgeukia Mama nikamwambia, "Anasema iko sawa."

Mama aliitazama ile karatasi. "Maneno yote hayo ni hayo tu?"

"Ni hayo tu. Twende."

Mwezi uliofuata alikwenda Bungoma kumtembelea mdogo wake aliyeolewa huko. Mama mdogo alisikia ule mlio, akakumbuka mtu mmoja mwenye chumba karibu na soko, anayedunga watu dawa ya kulainisha magoti. Walikwenda pamoja. Yule mtu alilipapasa goti akasema limekauka, akamwuliza kama hospitalini hawakumwambia linaongezewa mafuta. Mama alimjibu kwamba hawakumwambia kitu. Hakusema uongo.

Alirudi Saboti goti limevimba na lina moto. Usaha ulipoanza kutoka, tulimrudisha hospitalini. Walimfungua mara mbili, na mara ya pili wakatoa kila kitu, wakaunganisha mfupa wa paja na wa chini. Mguu ule haukunjiki tena. Yule mtu wa Bungoma alikuwa ameshafunga chumba chake na kuhama. Kwa kuwa sikumpata, nilimpigia simu mama mdogo, nikamtukana kama sijawahi kumtukana mtu. Aliningoja nimalize, kisha akaniuliza kwa upole wao wangejuaje. Nikakata simu.

Kabla Mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani, nesi mmoja aliketi kitandani pake akamweleza kwa Kiswahili chepesi: goti lile halikuhitaji mafuta, ute ulikuwa unatoka mwilini mwake mwenyewe. Haikuchukua hata dakika mbili. Mama alimshukuru, akangoja aondoke.

"Ulijua haya?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile alipochora."

Hakulia, wala hakunifokea. Heri angenifokea. Alivuta shuka akalifunika paja, akaniomba maji ya kunywa, nikampa.

Siku hizi akienda kliniki huandamana na binti wa jirani aliyemaliza kidato cha nne. Msichana huyo anamtafsiria kila kitu, hata daktari akilalamika juu ya mvua. Mimi ndiye ninayewalipia nauli, na ninamshika Mama mkono hadi mlangoni. Hapo huniambia, "Wewe kaa hapa nje, usichelewe kazi yako." Naketi kwenye benchi. Kupitia mlango nasikia sauti ya Mama ikiuliza, na msichana akimjibu kwa kirefu, na Mama akiuliza tena.