Kilio cha Mtu Asiyejulikana Likasi

Mdogo wangu alirudi Likasi kutoka baharini akiwa hawezi kulala, na kila mtu nyumbani alijua dawa yake isipokuwa yeye mwenyewe. Zamani alikuwa fundi wa kuchomelea kwenye karakana moja Kambove, kisha akapata kazi kwenye meli za mizigo. Alipoteremka kwenye gari, mjomba wetu, mzee wa kanisa, aliyatazama macho yale mekundu akatoa hukumu papo hapo.

"Hii ni pepo ya mu mayi," alisema, yaani pepo wa majini. "Tutafunga, tutaomba, itatoka."

Walifunga. Waliomba. Walimwekea mikono kichwani mpaka shingo ikamuuma. Hakulala.

Mimi ndiye niliyemuuliza. Nilikuwa uani nachekecha unga wa bukari, ugali wetu, akaja kuketi karibu yangu. Nikamwambia: "Weye, sema. Nini ilikupata kule?" Akasema. Mwenzake waliyegawana chumba melini aliacha malapa yake kando ya ukingo, akajitupa majini. Meli ilizunguka, ikatafuta, ikakata tamaa, ikaendelea na safari. Chakula kikapakuliwa, kazi ikaendelea. Hakuna aliyelia, maana hakuna aliyejua aanzie wapi. Kampuni, kwa huruma yake kubwa, ikawapa namba ya simu ya mshauri. Sauti ikamuuliza mdogo wangu huzuni yake ni ngapi kati ya kumi.

"Nilisema tano, yaya," aliniambia mimi dada yake mkubwa. "Niliogopa nikisema kumi batanifukuza."

Damu ilinichemka. Tano! Kama mtoto anayesahihishiwa dictée, imla ya shuleni!

Aliomba jambo moja tu: tumfanyie yule mwenzake kilio. Mjomba alikataa katakata. "Muntu hatumuyuwe, maiti hakuna, tutalilia nini? Unataka kuita lufu mu nyumba?" Kana kwamba kifo hakikuwa kimeshaingia na kuketi nasi mezani tangu siku ile aliyorudi.

Basi kesho yake asubuhi nilishika panga, nikakata makuti mabichi ya mchikichi, nikayasimamisha mlangoni mwa uzio. Kwetu hiyo ni alama kwamba nyumba ina msiba, na mwenye adabu hapiti bila kuketi. Nikapanga viti. Wa kwanza kuingia alikuwa jirani yetu, muuza makala, yaani makaa ya kupikia. Alitua mzigo wake, akafunga kitenge kiunoni, akakaa, ndipo akauliza: "Nani alikufa, mama?"

"Mwenzake ya kazi," nilijibu, nikimwonyesha mdogo wangu.

Akamgeukia. "Alikuwa muntu ya namna gani?"

Mshauri wa simu hakuliuliza swali hilo, wala mjomba na maombi yake yote. Mdogo wangu akafungua kinywa. Alisema yule bwana alikuwa akitia sukari kwenye wali, akiimba vibaya, akimwamsha kwa kumvuta kidole cha mguu. Kisha akalia kwa sauti, na wanawake wa mtaa wetu, ambao bahari hawajawahi kuiona, wakalia naye.

Mchana alilala palepale kwenye kiti, kinywa wazi, katikati ya kelele zote zile. Mjomba akaja na Biblia yake, akanyoosha mkono amwamshe ili aombewe.

"Ukimugusa, mujomba," nilimwambia mbele ya watu, "kilio ya pili itakuwa ya weye."