Chatu na Kiyoyozi cha Mama Mkwe

Mume wangu ni fundi wa viyoyozi. Kutwa anawatafutia watu baridi, akirudi nyumbani anamtafutia nyoka joto. Chatu wake alimkuta kwa mteja, amejibanza nyuma ya mashine ya nje, pale inapotokea hewa ya moto. Alikuwa mdogo wa kuenea kwenye mfuko wa bisibisi, na humo ndimo alimoletwa. Nilipiga kelele, nikanuna, nikazoea. Siku hizi anaishi sebuleni kwenye sanduku la kioo, na kwa kuwa akishakula hulala wiki nzima bila kuulizwa na mtu, tunamwita Mheshimiwa.

Mama yangu alipohamia kwetu, aliapa hatalisogelea sanduku lile hata nyumba ikiungua. Mume wangu, kwa kutaka sifa za ukwe, akamfungia kiyoyozi hapo hapo sebuleni, juu kabisa ya kiti chake. Akamwonyesha kila kitu, mpaka fyuzi ndogo ndani ya plagi: hii ikitoka, mashine yote ni pambo la ukuta. Mama akambariki, na kiyoyozi kikawa kinanguruma asubuhi hadi jioni.

Mimi nilistarehe, sifichi. Mheshimiwa ndiye aliyeumia. Chatu hana joto lake mwenyewe. Asipopata la nje, chakula hakisagiki tumboni. Akajikunja pembeni, akagoma kula. Mume wangu akaleta taa ya joto, akaleta chupa za maji ya moto, akamfunika kwa blanketi langu. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu: jua lote hili, na nyoka anajifunika blanketi! Nikamwambia amwombe mama azime mashine. Akanitazama kana kwamba nimemtuma akamtukane. Alikuwa radhi kumzika nyoka kuliko kumnyang'anya mkwe zawadi, na kwa hali ya Mheshimiwa, mazishi hayakuwa mbali.

Alasiri moja kiyoyozi kikanyamaza. Mume wangu akafungua plagi, akachungulia, akaifunga upesi. Akatangaza kwa huzuni kubwa kwamba ubovu ni mzito na kipuri chake ni adimu. Nilikuwa nyuma ya bega lake: plagi ilikuwa tupu. Akanikonyeza kwa shukrani, akidhani ni mimi. Mimi? Niache raha yangu kwa ajili ya nyoka?

Habari zikafika mtaani. Wakasema mganga hajigangi, na mteja mmoja akaja kuchukua jokofu lake ampelekee fundi mwingine. Hilo lilimchoma, maana jina lake ndilo linalotulisha. Akaniomba nimrudishie fyuzi, mashine iwake, watu wanyamaze. Mheshimiwa atatafutiwa chumba kwa rafiki. Nikamwapia kwamba sina. Hakuniamini, akasema basi atanunua nyingine kesho, akaanza kusafisha sanduku kwa hasira.

Aliponyanyua bakuli la maji la nyoka, fyuzi ilikuwa chini yake.

Tukageuka wote wawili kumtazama mama. Alikuwa dirishani juani, anajisugua magoti. Ndipo nilipogundua kwamba soksi na shali alizokuwa akizivaa tangu mashine ifungwe, huku akisifu ubaridi kila akiulizwa, alikuwa amezivua. Kumbe alikuwa akiganda kimyakimya asimvunje mkwewe moyo, na mkono wake ameuingiza kwa chatu, mahali ambapo hakuna mtu angemshuku.

Mume wangu akairudisha fyuzi chini ya bakuli, taratibu. Akajikohoza.

"Mama, ile mashine imenishinda."

Tangu nimjue, sijawahi kumsikia akitamka neno hilo juu ya mashine yoyote.

"Usijali, baba," mama akajibu, bila kuinua macho. "Mwenzangu ameshakula?"